Delmar Kuhlmann na Saladi ya Mkewe

Ardith Kuhlmann alipatwa na kiharusi mwezi wa Mei, asubuhi ya Alhamisi, akiwa bandani analisha kuku. Mumewe, Delmar, alimkuta amelala ubavu juu ya punje za mahindi, macho wazi, kuku wakimdonoadonoa vidoleni. Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye pikapu. Delmar alikuwa na miaka sitini na sita wakati huo, na mgongo mbovu, na Ardith hakuwa mwanamke mwembamba. Lakini alimbeba.

Mimi ni jirani yao, Twila Brandt. Nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara ya changarawe, na Ardith akianika shuka zake naziona kutoka dirisha la jikoni kwangu. Miaka thelathini na mmoja tuliishi hivyo, mimi naona shuka zake, yeye anaona zangu, na mwenye neno anavuka barabara analisema.

Ardith alirudi kutoka hospitali baada ya wiki tatu. Mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia unaburuta, lakini hayo yote alikuwa anaweza kuyazoea. Kilichomtesa ni kwamba maneno yalikuwa yamekwenda. Akilini yalikuwepo, ungeyaona machoni mwake. Mdomoni yalibaki mawili tu, "hapana" na "basi." Ukimuuliza kama anataka kahawa, anasema "hapana" huku mkono wa kushoto unavuta kikombe. Ukimuuliza kama kichwa kinauma, "basi, basi, basi," na machozi yanamlengalenga kwa hasira.

Jambo la ajabu ni kwamba kanisani aliimba. Kinanda kikianza tu, Ardith anaimba ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, maneno yote mahali pake. Daktari alieleza kwamba nyimbo zinakaa sehemu nyingine ya ubongo. Delmar alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa si aombe chumvi kwa kuimba?" Hakuwa anatania. Walijaribu kweli, mezani kwao, na haikufaa.

Mei huku Nebraska ni mwezi wa kupanda. Siku Ardith alipoanguka, nusu ya mashamba ya Delmar yalikuwa bado hayajaguswa. Jumamosi ile, yeye akiwa hospitalini ameketi kando ya kitanda, matrekta sita yaliingia shambani kwake bila mtu kuyaita, la jirani yetu Merle likiwa mbele, na jua lilipofika utosini mahindi yote yalikuwa ardhini. Na sisi wanawake wa kanisa tulifanya tunachokijua, tulipika. Wiki kumi na nne, hakuna siku iliyopita bila bakuli kufika mlango wa Kuhlmann. Tambi za kuoka na jibini, kuku na mchele, paja la nguruwe, jeli ya kijani yenye karoti ndani yake ambayo mpaka leo sijui nani anaipenda. Chini ya kila bakuli, jina la mwenyewe kwenye kipande cha utepe wa gundi.

Delmar alipokea kila bakuli namna ileile. Anafungua mlango, anashika bakuli kwa mikono miwili, anasema "Haya," anafunga mlango. Wengine walimwelewa. Hildy Vogt, mkuu wa jiko la kanisa, hakumwelewa.

"Ningempa mbwa wangu chakula kile," aliniambia, "angalau angetikisa mkia."

"Delmar ndivyo alivyo, Hildy. Hata siku ya harusi yake alisema 'haya' badala ya 'ndiyo.' Mchungaji ilibidi amuulize tena."

"Basi sasa amezeeka, ajifunze."

Ikafika Septemba na sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada huwa tunashuka ukumbi wa chini ya kanisa, kila nyumba na bakuli lake, tunakula pamoja mpaka vifungo vya suruali vinalalamika. Kila mwaka tangu nimjue, Ardith alileta saladi ya viazi. Si ile nyeupe, tamutamu, iliyojaa mayonezi. Yake ilikuwa ya siki, ya kwao kwa bibi yake, ina ukali unaokufinya nyuma ya taya halafu unakuacha unataka kijiko kingine. Watu walianza foleni upande ule wa meza ambao bakuli lake lipo.

Hildy hupanga orodha kwa simu. Siku alipompigia Delmar mimi nilikuwa pale, nakunja nguo zao, kwa hiyo nilisikia, maana sauti ya Hildy haihitaji simu.

"Delmar, wewe lete mikate. Ile ya kununua, pakiti nne. Hakuna atakayekulaumu."

Delmar alimtazama Ardith, aliyekuwa kwenye kiti chake dirishani. "Nyumba hii inaleta saladi ya viazi," alisema.

"Nani apike?"

"Mimi."

Hildy akacheka mpaka akakohoa. "Delmar Kuhlmann! Wewe ndugu yangu hata maji unayaunguza!"

"Andika saladi ya viazi, Hildy," akakata.

Alisimama pale ameshika simu iliyokwisha kukatwa. Masikio yalikuwa mekundu. "Wametulisha wiki kumi na nne," aliniambia, kama mimi ndiye niliyemcheka. "Siwezi kushuka ngazi zile na mkate wa kwenye mfuko. Siwezi, Twila."

Ardith alimtazama kwa macho ya mtu aliyeona ng'ombe amepanda juu ya paa. "Hapana," alisema. Na mara hii nadhani alimaanisha hapana.

Jumamosi asubuhi, kabla sijamaliza kahawa yangu, simu ikalia. "Njoo," alisema Delmar. "Lete pua yako."

Nilivuka barabara. Jikoni kwao kulikuwa na harufu ya siki na kitu kilichoungua. Delmar amevaa aproni ya Ardith yenye maua, imemfunga tumboni kama kamba ya kifurushi. Mezani bakuli la viazi vilivyopondeka, vimekaa ndani ya maji ya manjano. Ardith ameketi mbele yake, mdomo umefungwa kabisa, kama mtoto anayekataa dawa.

"Jana nilipika moja," alisema Delmar. "Nguruwe wamekula. Hii ya pili. Ameonja, amenitemea."

"Umeangalia kadi zake?"

Ardith alikuwa na kisanduku cha kadi za mapishi, mwandiko mzuri wa shule ya zamani. Delmar alichomoa moja akanipa. Juu imeandikwa *Saladi ya Viazi*. Chini yake, mstari mmoja: *Kama kawaida.*

Nilicheka, Mungu anisamehe. Ardith naye akacheka, bega moja likitikisika. Delmar peke yake hakucheka. "Kama kawaida," alisema. "Miaka arobaini na minne anapika nyumba hii na kawaida yenyewe siijui. Nilikuwa nakula tu."

Nikajiona na mimi nimeshikwa. Nilikula saladi ile miaka thelathini na mmoja, nikamsifu, nikalamba kijiko, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja inapikwaje. Nilidhani itakuwepo siku zote.

"Haya, tuanze," nilisema. "Siki, haradali, vitunguu, sukari kidogo. Na mafuta ya nyama ya nguruwe, ile ya moshi. Hayo nimeyaonja mwenyewe."

"Hivyo vyote nimetia!"

"Kiasi gani?"

"Kiasi!"

Tukachemsha viazi vingine, vile vidogo vyekundu, vya bustani yake Ardith mwenyewe, ambavyo binti wa mchungaji aliwachimbia. Ardith akiwa mezani, tukawa tunamwonyesha kila kitu kabla hatujakitia. Siki ya tufaha? Alitikisa kichwa kukubali. Siki nyeupe? "Hapana," na akaisukuma chupa. Vitunguu vikubwa? Akaonyesha kwa vidole viwili: vyembamba. Tulikuwa tunaendelea vizuri. Delmar alianza hata kupiga mluzi.

Viazi vilipoiva, alivimwaga kwenye chujio, akafungulia maji ya bomba juu yake. "Mama yangu alikuwa anapoza kwanza," aliniambia. "Halafu unamenya bila kuungua. Ndiyo akili hiyo."

Ardith akapiga meza kwa kiganja. "Hapana!"

"Unataka nini, mama?" Delmar humwita mkewe mama, kama wazee wengi wa huku, ingawa watoto wao wawili wameshaondoka zamani na wako mbali. "Kahawa?"

"Hapana. Hapana!" Akanyoosha kidole kwenye jiko.

"Jiko limezimwa, Ardith," nilisema. "Usiogope."

Akapiga meza tena. Kidole kikaenda kwenye jiko, kikaja kwenye bakuli, kikarudi kwenye jiko. Uso ulimwiva. Delmar akasogeza sufuria, si hiyo. Akamwinulia kibiriti, si hicho. Akamletea nyama kwenye kikaango, Ardith akaisukuma mpaka mafuta yakamwagika. Maji ya bomba yakaendelea kumwagika juu ya viazi.

"Labda amechoka," nilimnong'oneza Delmar. "Tumwache apumzike kidogo."

Nadhani hilo ndilo lililomkata maini, mimi kumnong'onea mumewe kama vile yeye hayupo. Alichukua kijiko cha mbao kilichokuwa mbele yake akakitupa. Kwa mkono wa kushoto, na hakuwa mwenye shabaha, lakini kilimpata Delmar begani.

"Moto!" alisema.

Delmar akageuka, mkono begani.

"Moto," akasema tena, taratibu, mdomo ukilivuta neno kama ndoo kutoka kisimani. Akakusanya nguvu, akamtazama mumewe usoni. "Moto, mjinga we!"

Delmar akafunga bomba. Tone la mwisho likadondoka. "Umesema nini?"

"Mjinga," alisema Ardith. Halafu akaonekana kushtuka yeye mwenyewe, akaziba mdomo kwa mkono.

Miezi minne, mtaalamu wa kufundisha kusema alikuwa anakuja kila wiki na picha zake, paka, kiti, mti, na Ardith akimtazama tu. Na sasa hili. Delmar alivuka jikoni kwa hatua mbili, akapiga magoti mbele ya kiti cha mkewe na magoti yake mabovu yale, nikayasikia yakilia. Aproni ya maua ikakunjamana chini yake.

"Rudia, mama," alisema. "Nitukane tena. Tafadhali."

"Mji-nga," alisema Ardith, akicheka na kulia pamoja, na mkono wake mzima ukampapasa kile kichwa chenye upara.

"Ndiyo," alisema Delmar. "Ndiyo mimi huyo. Asante. Asante, mama."

Miaka yote niliyomjua, lilikuwa neno la asante la kwanza kulisikia kinywani mwake. Niligeuka nikaanza kufuta mafuta mezani, maana mtu si lazima atazame kila kitu.

Baadaye ndipo akili ilipotufikia kwamba alikuwa anatufundisha kupika. Moto. Viazi vinamenywa vikiwa vya moto. Siki inachemshwa na mafuta ya nyama, inamwagwa juu ya viazi vingali na mvuke, ndipo vinaifyonza mpaka ndani. Vikishapoa vinaikataa, inabaki nje, inatuama chini ya bakuli kama ile michuzi ya manjano ya Delmar. Jambo dogo kama hilo. Nilimwuliza, "Ni hivyo, Ardith?" akaegemea kiti na kupumua kama mtu aliyetua mzigo.

Tukachemsha viazi upya. Delmar alimenya vikitoa moshi, akirusha kiazi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akipuliza vidole na kusema maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kusema. Ardith alifurahia kila neno. Nikakaanga nyama mpaka ikakauka, nikatia vitunguu kwenye mafuta yake, siki, haradali, sukari kijiko kimoja. Ilipochemka harufu ikapanda, ile yenyewe, machozi yakanitoka na sijui kama ni ya siki. Delmar akamwaga. Viazi vikalia kidogo, vikanywa.

Akaonja kwanza Ardith. Alitafuna muda mrefu, anatazama dari. Akanyoosha kidole kwenye siki: bado. Delmar akaongeza. Akaonja tena, akaonyesha chumvi. Akaonja mara ya tatu, akameza, akafunga macho.

"Basi," alisema.

Jumapili Delmar alishuka ngazi za ukumbi amebeba bakuli kubwa la bluu, na mkewe kashika mkono wangu nyuma yake. Aliliweka mahali palepale, mwisho wa meza karibu na nyama, akasimama kando yake mikono nyuma kama mlinzi, nami nikamkalisha Ardith kwenye kiti cha karibu. Alikuwa amevaa tai. Vidole vyake viwili vilikuwa na plasta.

Hildy alifika na kijiko chake. Alichota kidogo sana, namna unavyochota kitu cha mtu unayemhurumia. Akatia mdomoni. Akachota tena. Kisha akanigeukia.

"Twila, hii umepika wewe."

"Mimi nimekaanga nyama tu."

"Usinidanganye ndani ya nyumba ya Mungu."

"Muulize Ardith."

Hildy akamwinamia Ardith, akapandisha sauti kama watu wengi walivyokuwa wanamfanyia, utadhani ni masikio yaliyougua. "ARDITH, MPENZI, NANI AMEPIKA HII?"

Ardith akamtazama Delmar. Tuliona anatafuta neno, mdomo unafunguka na kufungwa, na Hildy, kwa sifa yake, alinyamaza akasubiri. Ilichukua muda mrefu. Foleni ilisimama nyuma yetu na sahani zake.

"Mjinga," alisema Ardith, na kumwonyesha mumewe.

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka, halafu wakaelewa walichosikia, kwamba Ardith Kuhlmann amesema neno, tena neno lenyewe, na vicheko vikageuka machozi. Hildy alimkumbatia pale alipokaa, kijiko bado mkononi, akamchafua gauni. "Amesema!" alimwambia kila mtu, kana kwamba hatukuwepo. "Mmemsikia? Amesema!"

Mchungaji alikuwa anajiandaa kubariki chakula. Delmar akamgusa begani, akamwambia kitu, na mchungaji akarudi nyuma. Delmar akasimama mbele ya meza. Mikono ilikosa pa kukaa. Aliitia mfukoni, akaitoa.

"Mimi si msemaji," alisema. "Mnajua. Mlinipandia mahindi. Mwezi ujao nitayavuna, ni mazuri kuliko ningepanda mwenyewe, Merle anapanda kwa mstari ulionyooka kuliko mimi." Watu wakacheka kidogo. "Mlileta chakula. Nilikuwa nachukua na kufunga mlango. Nilifunga kwa sababu nikisimama pale dakika moja zaidi nitalia mbele ya mke wa mtu. Sasa basi. Nalia mbele ya wote." Na kweli alikuwa analia, bila kelele, maji yanashuka mpaka kwenye tai. "Asanteni. Mabakuli yako kwenye pikapu, kila mtu achukue lake. Nimeyaosha."

Hakuna aliyepiga makofi, si desturi yetu. Wanaume walitazama viatu vyao. Hildy alipenga kamasi kwa kitambaa cha meza. Mchungaji akabariki chakula kwa maneno machache kuliko kawaida yake, tukala.

Saladi iliisha kabla watu wa meza ya mwisho hawajaitwa kuchukua chakula. Kijana wa Merle alikwangua bakuli kwa mkate. Watu watatu walimwendea Delmar kumwuliza anapikaje, na kila mmoja alimjibu, "Moto," na akabaki na siri yake, anajikuna shingo kwa furaha.

Maneno ya Ardith hayakurudi yote. Kufikia Krismasi alikuwa na kama thelathini, mwaka uliofuata sitini hivi, na mengine yalikuja yamegeuka: kuku aliwaita viatu, na mchungaji alimwita Jumanne. Lakini ulikuwa unaweza kuongea naye. Aliishi miaka tisa zaidi, na Delmar alipika miaka yote tisa, vibaya siku nyingi, na akatukanwa ipasavyo.

Jumapili ile, baada ya kula, wanawake walianza kukusanya sahani. Nami nikainuka, maana sikuzoea kukaa wengine wakiosha. Tangu mume wangu afariki, kazi ndiyo iliyonishika isinidondoshe, na tangu Mei nilikuwa naogopa jambo moja ambalo sikumwambia mtu, kwamba rafiki yangu atakuwepo mbele yangu kila siku na sitamsikia tena. Nilikuwa nimeshika sahani tatu. Ardith akanishika mkono wa sweta.

Nilingoja. Hakuna aliyekuwa anatuharakisha.

"Kaa," alisema.

Nikaweka sahani chini, nikavuta kiti, nikakaa.